Kupima kingamwili za korona kwa watoto wa shule Nairobi: kutoka rejista ya darasa hadi namba ya mwisho

Mashine ya maabara, hata iwe ya bei gani, haiponyi orodha mbovu wala tone la damu lililokamuliwa. Kiwango utakachoandika kwenye ripoti huwa kimeshaamuliwa kwa sehemu kubwa mahali pengine: kwenye rejista ya shule, kwenye kidole cha mtoto, na kwenye kizingiti ulichochagua cha kumtenganisha mwenye kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi) na asiye nazo. Mwongozo huu ni wa timu ndogo ya afya au ya chuo, watu watano au sita, inayotaka kupima wanafunzi mia kadhaa wa Gredi 1 hadi 9 hapa jijini na kupata jibu ambalo timu nyingine ikirudia kazi italipata vilevile.

Amua kwanza unauliza nini

Kirusi cha korona kina protini mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni ya miiba ya nje, huitwa S. Ya pili, N, iko ndani na imeshikamana na vinasaba vya kirusi. Mtoto aliyeambukizwa hutengeneza kingamwili dhidi ya zote mbili. Aliyechanjwa Pfizer, Moderna, AstraZeneca au Johnson & Johnson hutengeneza za S peke yake, kwa kuwa chanjo hizo hubeba maelekezo ya protini ya miiba tu. Sinopharm ni kirusi kizima kilichouawa, hivyo inaweza kuleta za N pia.

Ukipima S peke yake hutajua kama kiwango kimetokana na ugonjwa au chanjo. Ukipima N peke yake utawakosa watoto wengi, kwa sababu kingamwili za N hufifia baada ya miezi, na tena watoto huelekea kutengeneza za S kwa wingi na za N kidogo wakilinganishwa na watu wazima waliolazwa hospitalini. Pima zote mbili kutoka kadi moja ya damu, yaani karatasi maalumu yenye matone ya damu yaliyokaushwa, na kwenye dodoso uliza chanjo: aina, dozi ngapi, mwezi gani. Kenya ilianza kuchanja watu wazima Machi 2021, na vijana wa miaka 15 kwenda juu wakaingizwa mwishoni mwa mwaka huo. Kwa hiyo katika shule ya msingi wengi hawajawahi kuchanjwa. Hata hivyo usikisie, uliza.

Kuna swali la "wangapi" na swali la "kiasi gani". Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa hapa Nairobi tarehe 13 Machi 2020, na shule zikafungwa siku chache baadaye. Gredi 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi Oktoba 2020, na wengine wote Januari 2021. Wakati ule "wangapi" ndilo lililokuwa swali lenye uzito. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba jijini mnamo Novemba 2020 ulikuta karibu thuluthi ya watu tayari wana kingamwili, ilhali waliokuwa wamethibitishwa kwa kipimo cha puani ni wachache mno. Baada ya wimbi la Omicron la mwishoni mwa 2021, swali hilo limepungua makali, kwani wengi utakaowapima watakuwa nazo. Linalofaa kuulizwa sasa ni kiwango kiko wapi, kinapanda au kushuka vipi kati ya muhula mmoja na mwingine, na watoto waliozaliwa baada ya 2020 wanasimama wapi wakilinganishwa na kaka na dada zao. Swali hili la pili linadai kipimo kinachotoa namba, na si kile cha kusema "ana" au "hana". Vile vipimo vya haraka vya mistari miwili viache nyumbani.

Kingamwili huchukua wiki moja hadi tatu kujitokeza baada ya maambukizi. Mtoto aliyekuwa na mafua Jumatatu iliyopita anaweza kuonekana hana kitu, na si kosa la maabara. Andika tarehe ya kutoa damu kwenye kila kadi.

Vibali, na mkutano wa wazazi

Mpangilio hauruki ngazi. Unaanza na kamati ya maadili ya utafiti iliyosajiliwa, kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, inayoidhinisha utafiti), kisha ofisi ya elimu na ya afya ya kaunti, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, ndipo umwendee mwalimu mkuu na bodi ya shule. Ukimwendea mwalimu mkuu kwanza akakukubalia kwa ukarimu, utakuwa umemweka pabaya siku mkurugenzi wa elimu atakapouliza barua iko wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulika na taarifa za mtoto, kwa hiyo fomu ieleze pia data itakaa wapi, kwa muda gani, na nani ataiona. Kama hata kipande kimoja cha kadi kitavuka mpaka kwenda maabara ya nje, mkataba wa kuhamisha sampuli uwe umetiwa saini kabla ya damu ya kwanza kutoka.

Ridhaa ya mzazi haitoshi peke yake. Mtoto naye aulizwe, kwa maneno ya umri wake, na akisema hapana, ni hapana, hata kama mama yake ametia saini na mwalimu wa darasa amesimama hapo akimtolea macho. Muombe mwalimu asogee kando unapouliza.

Mkutano wa wazazi ndio utakaoamua kama utapata watoto 20 au 7. Uitishwe Jumamosi asubuhi au siku ya kuchukua ripoti, kwa kuwa mzazi anayeuza mboga Gikomba au anayefanya kibarua Industrial Area hawezi kuacha kazi katikati ya wiki. Maswali yatakayokuja yanajulikana. Mama atasimama aseme, "Daktari, hiyo damu mnaipeleka wapi?" Nyuma ya swali hilo kuna habari za mumiani ambazo kila mtu amezisikia tangu utotoni, na kuna hofu nyingine isiyotamkwa hadharani: kwamba mtapima virusi vya UKIMWI kwa siri. Jibu kabla hujaulizwa. Toa kadi tupu, ipitishe mkono kwa mkono. Onyesha kwamba duara moja hujazwa na tone moja, na kwamba matone matatu hayafikii hata robo ya mililita, ilhali mtoto wa kilo 20 ana takriban lita 1.6 za damu mwilini. Sema wazi, na iandikwe kwenye fomu, kwamba hakuna kipimo cha UKIMWI wala cha ukoo. Kisha waalike wazazi wanaotaka kuja wakae chumbani siku yenyewe. Wakija wawili tu wakaona, habari hufika mtaani kabla ya jioni.

Fomu iwe kwa Kiswahili na Kiingereza, kurasa zisizozidi mbili, na iende nyumbani siku tano kabla. Zikitumwa mapema zaidi hupotea begini, na zikichelewa baba hataziona.

Orodha ya shule na ya watoto

Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika kimyakimya. Ukichukua orodha ya shule za serikali peke yake, umeshawaacha nje maelfu ya watoto wa Mathare, Kibra, Mukuru na Korogocho wanaosoma shule ndogo za mtaani, zile za mabati zinazoendeshwa na makanisa, vikundi au mtu binafsi. Watoto hao wanaishi chumba kimoja watu sita, na ndio ambao kiwango chao unakihitaji zaidi. Tengeneza mafungu matatu: za serikali, za binafsi za karo ya juu, na za mtaani. Kwa fungu la tatu usitegemee karatasi za ofisini. Tembea na mhamasishaji wa afya wa jamii, mmoja kwa kila mtaa, mkihesabu shule na watoto waliomo.

Idadi ya kupima hutoka kwenye hesabu hii. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, ukikubali kukosea kwa pointi 5 juu au chini, na hujui asilimia itakayotokea, unachukua nusu kwa nusu na kupata watoto 384. Lakini watoto wa shule moja hufanana, kwa kuwa wameambukizana. Ukichukua 20 kwa shule, na mfanano kati yao ukiwa 0.05, zidisha kwa 1 + (19 × 0.05), yaani 1.95, upate 749. Ukitegemea kwamba watoto 15 kati ya 100 watakataa au hawatakuwepo, gawanya kwa 0.85: ni 881. Hiyo ni shule 44 zenye watoto 20 kila moja. Anayepima shule nne zenye watoto 200 kila moja ana kadi 800 na taarifa ndogo kuliko anavyodhani.

Shule zichaguliwe kwa uzito wa wanafunzi wake. Panga orodha, jumlisha wanafunzi ukishuka nayo. Tuseme jumla ni 220,000: gawanya kwa 44, hatua ni 5,000. Chagua namba ya kubahatisha kati ya 1 na 5,000, kwa mfano 1,732, kisha 6,732, kisha 11,732, na shule inayobeba namba hiyo ndiyo inaingia.

Ndani ya shule fanya vilevile na rejista za madarasa. Wanafunzi 640 kwa nafasi 20 ni hatua ya 32. Ukianzia 11, wanaofuata ni wa 43 na wa 75. Namba ziandikwe ofisini kwako kabla ya kufika, zikiwa kwenye karatasi iliyogongwa muhuri. Mwalimu mkuu, kwa nia njema kabisa, atataka kukupa watoto "wanaojiweza": wasafi, wenye nidhamu, waliolipa karo. Karatasi yenye muhuri humwokoa yeye na wewe.

Na hapo kwenye karo pana mtego. Kuna siku shule huwarudisha nyumbani wasiolipa, na mara nyingi ni mwanzoni mwa muhula au kuelekea mwisho wa mwezi. Ukifika siku hiyo, watoto maskini zaidi watakosekana wote kwa pamoja na hutaliona hilo kwenye data. Piga simu jana yake kuuliza. Nenda Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Epuka wiki za mitihani ya Gredi 6 na Gredi 9. Asiyekuwepo arudiwe mara moja ndani ya siku saba. Asipopatikana aandikwe "hakuwepo", na nafasi yake isijazwe na jirani yake wa dawati.

Siku yenyewe

Fika kabla ya gwaride la asubuhi kupanga chumba, lakini usianze kutoboa. Anza baada ya uji wa saa nne. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu bila kitu tumboni ndiye atakayezimia, na mmoja akizimia, wengine kumi watabadilisha nia mlangoni.

Kwa watoto 20 beba kadi 24 za karatasi maalumu ya damu kavu (Whatman 903 ndiyo iliyozoeleka), lanseti 45 za kina cha milimita 2 zinazojifunga zikishatumika, glavu, vipamba vya spiriti ya asilimia 70, shashi kavu, plasta, raki ya kukaushia, stika za namba, na kisanduku cha usalama. Juu ya hayo, chupa mbili za chai zenye maji ya moto, beseni na taulo. Watu husahau maji ya moto, kisha Julai ya Nairobi inawafunza: mikono ya watoto huwa baridi kama bomba, lanseti inaingia na damu haitoki. Mikono ikae kwenye maji ya uvuguvugu dakika tatu hadi tano, kisha ifutwe ikauke kabisa.

Mketishe mtoto mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo. Tumia kidole cha kati au cha pete cha mkono asioandikia. Cha shahada kina hisia kali, na cha mwisho nyama yake ni nyembamba hadi mfupa. Safisha kwa spiriti, kisha subiri nusu dakika ikauke yenyewe bila kupuliza. Spiriti ikiwa bado mbichi huvunja chembe za damu na kufanya tone litawanyike. Toboa pembeni mwa pedi ya kidole, si kwenye ncha, na ukate mistari ya alama za vidole kwa upana. Ukifuata mistari, damu itatiririka kwenye vijifereji vyake na hutapata tone la duara.

Tone la kwanza lifute kwa shashi kavu. Lina majimaji ya nyama. Kisha ngoja. Hapa subira ndiyo kazi. Papasa kiganja kuelekea kidoleni, uachilie, upapase tena. Tone litakua, litaning'inia, litang'aa chini ya kidole kama punje ya komamanga. Likiwa zito kiasi cha kutaka kuanguka lenyewe, leta karatasi chini yake iliguse, kidole kisiiguse. Karatasi italinyonya mara moja na kulieneza mpaka kwenye mstari wa duara. Geuza kadi: upande wa nyuma uwe umelowa sawa na wa mbele. Duara moja, tone moja. Kadi ina maduara matano. Matatu mazuri yanatosha, mawili ndiyo kima cha chini.

Ikague kadi mtoto akiwa bado kitini. Duara lenye pete ya maji pembeni limekamuliwa au limepata spiriti. Duara lenye rangi mbili limeongezewa tone la pili juu ya la kwanza, na maabara ikikata kipande hapo itapata kiwango cha juu kuliko ukweli. Lisilopenya nyuma ni dogo mno. Lenye vipande vyeusi limegandia kidoleni kabla ya kufika kwenye karatasi. Kadi ya namna hiyo usiipeleke kwa matumaini. Mwombe mtoto ruhusa ya kidole kingine. Akikataa, andika hivyo. Hakuna wa kutobolewa mara ya tatu.

Kabla ya yote uliza kama mtoto ana ugonjwa wa damu kutoganda, na kama anao asitobolewe. Akilegea, mlaze chini na uinue miguu. Mhudumu akijichoma kwa lanseti iliyotumika, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka na aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa za kuzuia UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Kisanduku cha usalama kikijaa robo tatu kifungwe, na kirudi na ninyi. Kisiachwe shuleni hata usiku mmoja.

Jina la mtoto lisiwe kwenye kadi, wala namba yake ya mfumo wa serikali wa taarifa za wanafunzi. Kadi ina namba ya utafiti tu. Orodha inayounganisha namba na jina hukaa kwenye kompyuta nyingine iliyofungwa. Stika tatu zenye namba moja, yaani ya kadi, ya dodoso na ya fomu ya ridhaa, zibandikwe kabla ya kutoboa. Zikibandikwa jioni mezani, kuna siku mbili zitabadilishana, na hakuna hesabu itakayoligundua kosa hilo.

Kukausha

Kadi zilale kwenye raki, zisigusane, mbali na jua, jiko na vumbi la chaki, kwa saa nne angalau. Msimu wa mvua za masika ziache usiku kucha kwenye chumba kikavu. Damu kavu ina rangi ya kahawia iliyokolea; ikiwa bado nyekundu, haijakauka. Usitumie kikausha nywele. Kisha kila kadi iingie kwenye bahasha yake ya karatasi, halafu mfuko wa zipu wenye vijipakiti viwili vya silika (chembe za kunyonya unyevu) na kikaratasi cha kuonyesha unyevu. Kidoa cha asilimia 30 kikigeuka waridi, badilisha silika. Kadi iliyofungiwa na unyevu huota ukungu na kingamwili huharibika, na hilo utaligundua baada ya wiki mbili mfuko ukifunguliwa.

Uzuri wa kadi ni kwamba inavumilia foleni ya Jogoo Road bila barafu. Siku chache kwenye joto la kawaida hazina neno; baada ya hapo iwekwe kwenye nyuzi −20 za Selsiasi. Freza iwe na kipimajoto kinachorekodi, maana stima hupotea na kurudi usiku bila wewe kujua.

Kwa watoto 30 hadi 40 walio tayari, chukua pia mililita 3 za damu ya mshipa siku ileile, zaidi kidogo ya nusu kijiko cha chai. Seramu yao (majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe) itakuonyesha namba ya kadi inalingana vipi na namba ya seramu. Usipofanya hivi, viwango vyako vya kadi havitalinganishwa na vya mtu yeyote. Damu hiyo isisafirishwe kwa bodaboda barabara ya mashimo. Chembe huvunjika na seramu huja nyekundu.

Maabara

Kata kipande cha milimita 6 kutoka katikati ya duara zuri. Kina takriban maikrolita 11 za damu, yaani kama 6 za plazma. Kiloweke kwenye maikrolita 300 za maji ya chumvi ya fosfeti yenye Tween (aina ya sabuni ya maabara) kidogo, usiku mzima kwenye nyuzi 4. Hapo umefika 1 kwa 50. Ongeza kiasi sawa cha kimiminika upate 1 kwa 100, ambayo ndiyo ELISA nyingi (vipimo vya kingamwili vinavyosomwa kwa ukali wa rangi) za protini ya S huanzia. Mashine ya kukatia ikate karatasi tupu mara moja au mbili kati ya mtoto na mtoto, vinginevyo chembe za aliyetangulia zitamfuata anayefuata.

Kwenye sahani ya visima 96, kila sampuli ikae visima viwili. Tofauti kati yake ikizidi asilimia 15 hadi 20, rudia. Kila sahani iwe na damu hasi, damu chanya hafifu, damu chanya kali, na ngazi ya kiwango cha rejea, yaani sampuli yenye thamani inayojulikana iliyozimuliwa hatua kwa hatua. Chanya hafifu ndiyo mlinzi wako wa kweli. Kali hubaki kali hata siku mambo yameharibika. Visima vya ukingoni hukauka haraka na kusoma juu, hivyo funika sahani unapoisubirisha, na usiwapange watoto wa shule moja wote ukingoni. Kosa linalorudi mara nyingi kuliko yote ni kuosha kwa haraka. Mfereji mmoja wa mashine ya kuoshea ukiziba, utaona safu nzima yenye rangi kali, na hilo si shule yenye maambukizi mengi.

Namba itolewe kwa BAU kwa mililita, kipimo kilichofungamanishwa na sampuli ya rejea ya Shirika la Afya Duniani, 20/136, iliyopewa thamani ya 1,000 mwezi Desemba 2020. Kipimo cha Roche Elecsys cha S hutoa uniti zinazokaribiana sana na BAU, kizingiti chake ni 0.8, na husoma moja kwa moja kutoka 0.40 hadi 250. Watoto wengi leo watavuka 250, kwa hiyo panga kuzimua sampuli na kurudia tangu mwanzo, na uweke bajeti yake.

Kizingiti kiwe cha hapa

Kizingiti kilichoandikwa kwenye boksi mara nyingi kimetokana na wagonjwa wazima wa Ulaya, Marekani au China. Kinaweza kukukosesha mara mbili. Kwanza, mtoto aliyeugua kidogo au bila dalili hupanda chini ya mgonjwa aliyelazwa, akaangukia chini ya mstari. Pili, damu ya Afrika iliyohifadhiwa kabla ya 2020 imewahi kusoma chanya kwenye baadhi ya vipimo, na malaria imetajwa kuwa mojawapo ya sababu. Nairobi yenyewe ina malaria kidogo, lakini Agosti na Desemba watoto wetu huenda Kisumu, Busia na Kakamega kwa nyanya zao. Uliza safari za miezi mitatu iliyopita.

Tafuta damu 100 au zaidi za watoto wa Kenya zilizogandishwa kabla ya 2020, zenye kibali cha kutumika, na uzipime kwa njia yako mwenyewe. Geuza namba kuwa logi, kizingiti kiwe wastani kujumlisha mikengeuko sanifu mitatu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika). Kundi la chanya liwe la watu waliothibitishwa kwa PCR (kipimo cha puani cha vinasaba vya kirusi), wiki tatu au zaidi baada ya kipimo, wakiwemo wasiokuwa na dalili. Maabara ya utafiti wa tiba ya KEMRI-Wellcome, Kilifi, katika kupima wachangia damu mwaka 2020, iliita chanya sampuli iliyosoma zaidi ya mara mbili ya damu hasi ya sahani ileile. Ni kanuni rahisi na nzuri ya "wangapi", ila kwa "kiasi gani" utahitaji BAU.

Hesabu

Asilimia mbichi isahihishwe. Ikiwa kipimo hukamata 90 kati ya 100 wenye kingamwili, na huwaachia 97 kati ya 100 wasio nazo, basi mbichi ya 30 huwa (0.30 − 0.03) ÷ 0.87, yaani asilimia 31. Hakuna tofauti kubwa. Lakini mbichi ya 5 inakuwa 2.3, zaidi ya nusu imeyeyuka. Ndiyo sababu tafiti za N kwa watoto wadogo zisisomwe bila sahihisho hili.

Viwango vichukuliwe kwa wastani wa kijiometri. Watoto watatu wenye 50, 200 na 3,200 wana wastani wa kawaida wa 1,150, ambao haumfanani yeyote kati yao. Wa kijiometri ni kama 317. Walio chini ya uwezo wa mashine wasitupwe. Wape nusu ya kiwango cha chini kabisa kinachosomeka. Kila mtoto apewe uzito kulingana na fungu la shule yake na waliokosekana, na programu ya hesabu iambiwe kwamba watoto wamo ndani ya shule. Ukisahau hilo, mipaka ya makosa itakuwa myembamba kuliko ukweli.

Mzunguko wa pili, muhula ujao, ufanywe kwa watoto walewale. Sampuli 5 kati ya kila 100 za mzunguko wa kwanza zirudiwe kwenye sahani za pili, bega kwa bega, maana kemikali za toleo jipya husoma tofauti. Mtoto mmoja mmoja, usiite maambukizi mapya mpaka kiwango kiwe kimepanda mara nne.

Barua kwa mzazi

Majibu yarudi ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa mzazi, kabla ya muhula kuisha. Hakuna kiwango kilichokubaliwa kinachosema mtoto huyu hataambukizwa, kwa hiyo barua isiseme "amekingika" wala "hana kinga". Maneno yanayoeleweka ni haya: "Damu ya mtoto wako ilionyesha kingamwili za korona. Maana yake aliwahi kukutana na kirusi au chanjo. Si mgonjwa, hahitaji dawa, na hahitaji kukaa nyumbani. Akiugua, mpeleke kituoni kama kawaida." Kwa asiye nazo: "Hatukuona kingamwili. Huenda hajawahi kukutana na kirusi, au alikutana nacho zamani na zimepungua." Weka namba ya simu inayopokelewa, na mtu anayeipokea awe ameisoma barua.

Shule ipewe majibu ya kaunti ndogo nzima. Usitoe jedwali lenye majina ya shule, kwa mwalimu mkuu wala kwa mwandishi wa habari, kwa kuwa mtaa mmoja ukiitwa "wa korona" wazazi watahamisha watoto. Vipande vya kadi vilivyobaki vikae kwenye freza mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye fomu ya ridhaa, kisha vichomwe kwenye tanuri la hospitali mbele ya mashahidi wawili, na cheti cha kuchoma kipelekwe kwa kamati ya maadili pamoja na ripoti.